Jembe Aliloliacha Mlangoni

Majina ya watu wote nitakaowaeleza hapa ninayo kichwani, na ya baba zao, na hata ya ng'ombe wa baba zao. Siyaandiki. Wako hai, wanapita mbele ya nyumba yangu na kuniamkia, na wawili wao wanakula kwangu kila Jumapili. Niliishia darasa la nne na mkono wangu ni mzito, lakini hili nataka liandikwe, kwa sababu wanawake wenzangu wamenishika kanga nje ya kanisa zaidi ya mara moja na kuninong'oneza: mama, ilikuwaje ukamwachia mjukuu wako apende mfungwa?

Mjukuu huyo nimemlea mwenyewe tangu ana miaka sita, hapa hapa Mamba, kwenye mteremko wetu wa tangawizi. Mama yake, binti yangu, anauza mitumba Hedaru, kule chini barabarani. Yeye aliolewa na mtu safi. Nasema safi kwa maana ya watu: hakuwa mlevi, hajawahi kukanyaga mahakama, kanisani alikaa benchi la mbele. Alikuwa anampiga. Binti yangu alikuja hapa na mtoto mgongoni mara tatu, na mara tatu nilimpikia, nikamkanda kwa maji ya moto, nikamrudisha. Nilimwambia avumilie, ndoa ni hivyo. Mara ya nne hakuja kwangu. Alishuka Hedaru moja kwa moja, akapanga chumba, akamtuma mtu aniletee mtoto. Sikumlaumu, ila niliumia kwamba alipita njia panda ya kwetu bila kupanda.

Basi miaka imekwenda. Mtoto amekuwa mwanamke, anaimba sauti ya pili kwaya, ana shamba lake la tangawizi robo eka ambalo mtu mwingine haligusi. Wanaume walikuja kuposa, wawili au watatu, akawakataa kwa adabu. Nikasema labda ameona mengi akiwa mdogo, mwacheni.

Siku moja nikakuta barua mezani, ina muhuri wa magereza.

"Hii nayo ya nani?"

"Yangu, bibi."

"Najua ni yako, jina lako nimelisoma. Nauliza aliyeiandika."

Akalitaja jina. Nilikuwa napeta maharage, nikaweka ungo chini.

Hakuna mtu huku asiyejua jina lile. Sisi tunamwagilia kwa zamu. Juu ya mashamba kuna ndiva, bwawa letu la udongo na mawe. Linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji, na kila nyumba ina siku yake na saa zake. Kijana yule, wa kijiji cha ng'ambo ya bonde lakini mwenye shamba kwenye mfereji wetu, alikuta zamu yake imekatwa. Mwenzake wa shamba la juu alikuwa ameziba mfereji kwa udongo na kugeuzia maji kwake. Wakatukanana, na yule kijana akampiga jembe la mkono. Mfupa ulivunjika vibaya, ukaunga umepinda, na ule mkono hadi leo haushiki kitu kizito. Mwenye kosa akafungwa. Aliyeumia, kwa kuwa hakuweza tena kulima, wanakijiji wakampa kazi ya kusimamia ndiva: ni yeye anayepanga nani apate maji lini. Ni mtu wa haki, na hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jina la aliyemvunja.

"Kati ya wanaume wote wa milima hii," nikamwambia mjukuu wangu, "umemwona huyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Hata yule fundi magari aliyekuja mwaka jana?"

"Yule fundi ana mke Mwanga na mwingine Korogwe, bibi. Na wote hawajuani."

Nilitaka kucheka, nikajizuia.

Walikutana hivi. Kwaya ilikwenda gerezani siku ya Pasaka kuimba na kugawa sabuni. Baada ya ibada wafungwa wakaruhusiwa kusalimia, na yeye akamfuata mjukuu wangu, akamwambia, "Dada, wewe ni wa Mamba. Yule niliyemvunja mkono, anaweza kushika kijiko?" Hilo ndilo neno lake la kwanza. Mjukuu wangu akamjibu kwamba kijiko anakishika, jembe hawezi. Akamwona mtu mzima analia mbele ya wanakwaya. Barua zikaanza hapo.

"Amekuonea huruma, au wewe ndiye umemwonea?" nikauliza.

"Bibi, baba alikuwa anasema mama ameanguka. Unakumbuka? Ameanguka bafuni, ameanguka kwenye ngazi, na nyumba yetu haikuwa na ngazi. Huyu barua ya kwanza tu ameandika, nilimpiga, nilikosa. Sijawahi kumsikia mwanaume akisema hivyo."

"Nani hawezi kuandika maneno matamu akiwa amefungiwa? Barua haipigi kelele."

"Ndiyo maana nakuambia wewe. Ukisema hapana, nitaacha. Lakini umwone kwanza."

Nikampigia simu binti yangu Hedaru, nikidhani atanisaidia kukataa. Nikasikia malori yanapita nyuma yake. Kisha akasema, "Mama, mimi ulinirudisha mara tatu kwa mtu asiye na kesi, na hukumchunguza hata siku moja. Huyu mwenye kesi kamchunguze vizuri. Halafu uamue wewe." Akakata.

Neno lile lilinikaa kifuani. Niliona wazi kwamba nikikosea mara hii, nitakuwa nimewaponza wawili, mama na mtoto, kwa mikono yangu mwenyewe.

Tukashuka wote wawili, mimi na mjukuu, hadi gerezani huko tambarare. Jua la kule silipendi, linakupiga hata kivulini. Nje ya geti kuna banda la mabati na benchi, wanawake wamekaa na vifurushi vyao: sabuni, dawa ya meno, sukari. Wakanisogezea nafasi.

"Shikamoo bibi. Umekuja kwa mtoto?"

"Marahaba. Nimekuja kumkagua anayetaka kuwa mtoto."

Wakacheka, na kicheko kile kikafungua midomo. Mimi nami sina aibu, nikawauliza waziwazi wamewapata wapi watu wao.

Mmoja mwenye kitenge cha bluu akasema, "Wangu nilimkuta humu humu. Nilikuja kumwona kaka yangu. Kaka akatoka, mimi nikabaki nakuja."

"Alifanya nini?"

"Alimchoma mtu kisu, baa."

"Na humwogopi?"

"Bibi, mume wa kwanza nilimwogopa kila jioni miaka tisa. Nikisikia pikipiki, tumbo linauma. Huyu saa kumi na mbili anafungiwa na serikali, mimi nalala fofofo."

"Na akitoka?"

Akatazama kifurushi chake. "Hapo ndipo sijafika, bibi."

Mwingine, mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki, akadakia. "Mimi wangu alitoka. Nilijua nitamtengeneza. Watu wote wanamkimbia, mimi ndiye nimeuona moyo wake, unanielewa? Nikajiona wa pekee. Wiki ya pili akanipasua mdomo. Sasa karudi ndani kwa kesi nyingine."

"Na bado unamletea sabuni?"

"Leo nimekuja kumwambia ndiyo ya mwisho."

"Ulisema hivyo hivyo Pasaka!" mwenye kitenge akamwambia, na benchi zima likaangua kicheko, hata yeye mwenyewe, ila alijifuta macho kwa upande wa kanga.

Nimewafikiria sana wale wanawake. Watu husema wana wazimu, au wamerogwa. Mimi sikuona wazimu pale. Niliona mmoja aliyechoka kuogopa, mwingine aliyetaka kuhitajiwa na mtu. Na nilijikumbuka mimi. Nikiwa msichana nilimpenda marehemu mume wangu siku nilipomwona akimtandika mtu gulioni kwa kunitania. Nilirudi nyumbani nikiruka ruka. Nilidhani hasira ile itakuwa ukuta wa nyumba yangu, itazuia wengine wasinifikie. Sikuwaza kwamba nitaishi nayo ndani. Hakuwa mbaya sana, Mungu amrehemu, lakini nilijifunza kusikiliza hatua zake mlangoni kabla hajaingia. Kwa hiyo mimi wa kumcheka nani?

Tukaitwa. Tulisimama upande wetu wa wavu, yeye upande wake, askari katikati. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomtarajia, amenyolewa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ulimpiga mwenzako kwa nini?"

Mjukuu wangu akanifinya. Sikumjali.

"Nilikasirika, bibi."

"Watu wote wanakasirika."

Akasema, "Ilikuwa zamu yangu kweli. Hilo ndilo linalonisumbua. Ningekuwa mwizi wa maji ningeona aibu, ningekimbia. Nilikuwa na haki na nilikuwa na jembe mkononi, basi nikaona yote ni sawa."

Njiani kurudi nilimwambia mjukuu wangu kwamba ulimi wake mzuri. "Basi?" akauliza. "Basi," nikasema. Nilijua mtu huyu amejifahamu, lakini nilitaka kumwona mahali penye jembe na maji.

Alitoka mwaka uliofuata, akafikia kwa mjomba wake ng'ambo ya bonde. Alikuja kunisalimia akasimama nje mpaka nilipomkaribisha. Alikuja tena, akanirekebishia banda la mbuzi. Mjukuu wangu alikuwa anapika huku anaimba, na mimi naendelea kusema, "Bado naangalia." Watu walianza kupita pole pole mbele ya nyumba ili waone.

Sasa naandika jambo ambalo sijivunii. Ilikuwa kiangazi, tangawizi zimeanza kukunja majani, na siku yetu ya maji ilikuwa Jumanne. Shamba la juu yetu ni la bwana mmoja mwenye mdomo, ambaye kukata maji ya wenzake ndiyo mchezo wake. Mimi nilijua atakata. Jumanne ile ningeweza kwenda mwenyewe na mjukuu kama kawaida. Badala yake nilimwita kijana yule, nikampa jembe langu, nikamwambia, "Nenda ukasimamie maji yetu mpaka saa sita." Nilimtega. Nilimweka pale pale palipomharibu, na kitu kile kile mkononi, nikakaa barazani kusubiri.

Mjukuu wangu alikuwa ameenda mashine ya kusaga. Aliporudi na ndoo ya unga kichwani akauliza, "Yuko wapi?"

"Nimemtuma mferejini."

"Peke yake?"

"Na jembe."

Alitua ndoo taratibu, akasimama ananitazama kama hanifahamu. Sikuwahi kuona macho yale kwake, ila niliyaona kwa mama yake, mara ile ya tatu.

Nilijiuliza nimefanya nini. Kama mtego ungefyatuka, mkono wa nani ungelipa? Si wangu. Nilichukua fimbo yangu nipande huko juu, na kabla sijafika mgombani nikamwona anashuka. Anatembea haraka, jasho linamtiririka, na jembe kaning'iniza kwa ncha ya mpini kama mtu aliyebeba nyoka. Alipita mbele yetu, akaliegemeza mlangoni kwangu, akarudi nyuma hatua tatu, nne, akakaa chini kwenye vumbi.

"Maji yamekatwa, bibi," akasema. "Sikuyarudisha. Nisamehe, tangawizi zitanyauka."

"Alikuambia nini?"

"Hakuna."

Akaikalia mikono yake. Mjukuu wangu akamletea maji ya kunywa, na kikombe akamshikia yeye.

Kwa desturi yetu, maji yakikatwa unakwenda kwa msimamizi wa ndiva, huendi kwa aliyekata. Kila mtu anajua hivyo na hakuna anayefuata akiwa na hasira. Nami nilijua tukienda kwa msimamizi tunakwenda kwa nani. Nikamwambia kijana, "Inuka. Twende ukashtaki."

"Kwake?"

"Kwake. Ndiye mwenye kazi."

Tulimkuta ndivani, amekaa kwenye jiwe, mkono uliopinda umelala mapajani, kwa mwingine anachonga kijiti alichokibana magotini. Wale wawili hawakuwa wamesimama karibu tangu mahakamani.

"Shikamoo kaka," kijana akasema.

Yule mtu akamtazama mikono kwanza. "Marahaba. Umekuja na jembe?"

"Hapana."

"Liko wapi?"

"Mlangoni kwa bibi. Wamekata maji yao, nimekuja kukuambia."

Msimamizi akaendelea kuchonga kidogo, kijiti kikaisha. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, na umri huo, ulimtuma huyu huko peke yake na jembe, Jumanne, kwa yule bwana?"

Nikasema ndiyo. Nikaangalia chini kama mtoto wa shule.

Tukateremka wanne, maana mjukuu alikuwa ametufuata, hadi shamba la yule bwana. Maji yalikuwa yanang'aa kwenye vitalu vyake, amesimama katikati, suruali imekunjwa magotini. Alipotuona akacheka.

"Aa, mmeniletea mfungwa! Mzee, nilimtania tu. Nilimwambia, nimekata, haya nipige basi, au mpaka wakupe ugali wa serikali kwanza ndiyo upate nguvu? Nikamnyooshea na mkono, huu hapa, chagua mfupa. Akageuka akakimbia kama mwanamke."

Msimamizi akaenda hadi ukingoni mwa kitalu. Akaunyanyua ule mkono wake kwa msaada wa mkono mwingine, kama mtu anayenyanyua kitu cha kuazima.

"Ulimtania kwa mkono wangu?" akauliza.

Yule bwana akainama, akatoa udongo mwenyewe kwa viganja, maji yakarudi kwenye mfereji. Msimamizi akasema saa zetu zitaongezwa Alhamisi kutoka kwenye saa za huyo huyo. Kisha akamwambia kijana, bila kumtazama, "Umefanya vizuri kuja." Akapanda zake ndivani. Hawakushikana mikono, na mimi sikutegemea.

Jioni ile nilimwomba mjukuu wangu msamaha, na yeye akanijibu kwamba hata yeye alikuwa anaogopa, tangu siku ya kwanza aliogopa, sikuwa peke yangu. "Nilidhani nikisema naogopa, utakataa," akasema. Ndipo tukazungumza kama watu wazima. Nilimwambia kwamba siku moja ya kuacha jembe haiwezi kunidanganya, maisha ni Jumanne nyingi. Nikampa masharti yangu. Shamba lake libaki jina lake. Nyumba wajenge hapa mteremkoni, nisikie sauti zao. Na siku akiguswa hata kwa kofi, asinieleze alikosea nini, aje na nguo zake, mlango wangu haumrudishi mtu tena.

"Na mama yangu?" akauliza.

"Huyo nitakwenda mwenyewe."

Nilikwenda Hedaru Jumamosi, siku ya soko. Nilisimama mbele ya meza yake ya mitumba, katikati ya wateja, nikamwambia binti yangu nilikosea kumrudisha. Alikuwa anakunja shati. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Kaa kivulini mama," akasema, "nikununulie soda." Kwenye posa alipanda mlima kwa bodaboda, mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akakaa karibu yangu, na wazee walipouliza kama kuna mwenye neno kwa kijana, yeye ndiye aliyesema: "Mwanangu, nimesikia habari ya jembe. Nitakuwa napita kuangalia liko wapi."

Msimamizi wa ndiva alialikwa harusini, hakuja. Alituma ujumbe kwamba pilau hatakula, ila nyumba mpya ameiandikia maji Jumatano, siku moja baada yangu, ili wasigombane na mtu.

Sasa ni mwaka wa pili. Kuna siku anakasirika, nasikia. Anatoka nje, anatembea hadi kwenye mbuzi wangu, anakaa nao, anarudi. Mjukuu wangu hukaa mlangoni akimsubiri, wala hasimami kwa hofu, namjua anavyosimama akiogopa.

Kila Jumapili wanakuja kula. Baada ya chakula mjukuu anaosha vyombo uani, na mimi nasogeza kigoda changu karibu. Sijawahi kumwambia kwa nini. Yeye hukunja mikono ya gauni hadi juu kabisa mabegani, akainyoosha yote miwili mbele yangu, akaigeuza huku na huku juani, mikono mizuri yenye povu.

"Umemaliza kukagua, mke mwenza?"

"Bado mgongo."

Anacheka, anageuka.